Speak & Spell Iliyonyamaza: Kuifungua, Kuifufua na Kuichezea Sauti

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nimeletewa Speak & Spell, haiwaki, nianzie wapi?" "Ndani mna kaseti?" "Ile sauti ya roboti inabadilishwaje?" "Naweza kuifundisha Kiswahili?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Kama una kifaa chenyewe mezani na bisibisi mkononi, twende pamoja. Kama hujakinunua bado, soma kwanza mpaka mwisho, utajua cha kumuuliza muuzaji.

Tunachozungumzia ni kile kidude chekundu chenye mpini wa kubebea na kioo chembamba kinachoandika herufi za kijani-bluu. Kilitengenezwa na Texas Instruments ya Marekani, kikaonyeshwa mara ya kwanza Juni 1978 kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki Chicago, na bei yake ilikuwa kama dola 50. Mtoto anaambiwa neno kwa sauti, analiandika herufi moja moja, kisha mashine inamwambia kama amepata au amekosa. Toleo la Uingereza lilikuwa na lafudhi ya huko, Ufaransa likaitwa La Dictée Magique, na Italia Grillo Parlante.

Hakikisha unachokishika ni chenyewe

Matoleo yapo kadhaa, na ukikosea hapa mwongozo wote hautakufaa.

Ya mwaka 1978 na 1979 yana vitufe vilivyoinuka, unavibonyeza vinazama. Kuanzia 1980 yalikuja yenye kibodi bapa, karatasi ya plastiki iliyochapwa herufi. Hayo yote mawili yanafaa. Ndugu zake, Speak & Math na Speak & Read za 1980, yametengenezwa kwa mtindo uleule, kwa hiyo hatua nyingi za hapa zinayahusu pia.

Iliyotolewa upya 2019 na kampuni ya Basic Fun kwa nje inafanana sana, lakini ndani mna elektroniki nyingine kabisa. Ukiona kioo cha rangi ya kijivu kama cha kikokotoo cha kawaida, hiyo siyo. Muulize muuzaji akutumie picha ya kioo kikiwa kimewaka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Betri 4 za saizi C, mpya, za alikalaini. Duka la jirani likikosa saizi hiyo, chukua betri ndogo za rimoti (AA) na vifuko vya plastiki vya kuzinenepesha. Volti ni zilezile 1.5, ila zitaisha mapema. Za kuchaji ziache kwanza: nne kwa pamoja zinatoa kama volti 4.8 badala ya 6, na utashindwa kujua kama kosa ni la mashine au la betri.
- Bisibisi ya nyota na ubao mwembamba wa plastiki wa kufungulia simu. Kadi ya zamani ya benki inafaa.
- Mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi kabisa.
- Siki nyeupe au ndimu, magadi soda, spiriti, pamba za masikio, mswaki mkuukuu, na msasa laini.
- Chuma cha kulehemia cha wati 25 hadi 40 na risasi nyembamba, ikiwa utafika kwenye sehemu ya kubadilisha sauti.
- Sahani au trei ya kuwekea skrubu, na simu ya kupigia picha kila hatua.

Adapta ya ukutani haimo kwenye orodha hiyo, na nimeiacha makusudi. Tundu la adapta la kifaa hiki si la mtindo wa chaja za siku hizi, na ukigeuza chanya na hasi unaweza kuua chipu ambazo hazitengenezwi tena popote. Fanya kazi yote kwa betri.

Nadharia kidogo tu

Hakuna kaseti ndani, wala hakuna sauti iliyorekodiwa. Mna chipu kuu nne: kichakataji cha biti 4 kinachosoma vitufe na kuendesha mchezo, chipu mbili za kumbukumbu zenye kilobiti 128 kila moja, na chipu ya kusema, TMC0280. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoipa mashine jina. Kabla yake, kuunda sauti ya binadamu kwa namna hii ilikuwa kazi ya kompyuta kubwa. Richard Wiggins, Larry Brantingham, Paul Breedlove na Gene Frantz waliibana ikaingia kwenye kipande kimoja cha silikoni, ikauzwa madukani kama kichezeo.

Njia wanayoitumia inaitwa kwa kifupi LPC (linear predictive coding). Kilichohifadhiwa si pilau, ni maelezo ya jinsi ya kuipika. Kila milisekunde 25 chipu inasoma fungu la namba: nguvu ya sauti, uzito au wembamba wake, na namba kumi zinazoeleza umbo la koo na mdomo kwa wakati huo. Kisha inatengeneza mlio (au mvumo wa hewa kwa herufi kama s na f) na kuupitisha kwenye kichujio chenye umbo hilo. Fungu kamili ni biti 49, na kimya ni biti 4 tu. Ndiyo maana hata kwa kasi ya juu kabisa haizidi biti 1,960 kwa sekunde, wakati rekodi ya kawaida ya ubora wa simu inakula biti 64,000 kwa sekunde hiyo hiyo.

Lipo jambo moja la kukumbuka kwa ajili ya baadaye: kazi yote hii inakwenda kwa mapigo ya saa ya elektroniki iliyo ndani, ambayo kasi yake hupangwa na rezista (kipande kinachobana umeme) na kapasita (kipande kinachotunza umeme kwa muda) ndogo. Ukibadilisha mapigo, unabadilisha kasi ya maneno na wembamba wa sauti kwa pamoja.

Hatua kwa hatua: kuifufua

1. Angalia chumba cha betri kabla ya jambo lolote. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vibati, usiweke betri mpya. Ikiwa betri zilizovuja ni za alikalaini, dondoshea siki au ndimu kwa pamba ya masikio. Utaona povu, ngoja litulie, kisha futa. Kama ni yale mawe ya bei rahisi ya zamani, uvujaji wake una asidi, hivyo tumia magadi soda yaliyoloweshwa kidogo. Malizia kwa spiriti na uache pakauke. Kibati kikibaki cheusi, kipitishe msasa laini mpaka king'ae. Usimwage siki, pamba yenye unyevu inatosha.

2. Weka betri na ujaribu. Bonyeza ON. Ikiwa nzima, itapiga mlio mfupi wa noti chache na kioo kitawaka. Bonyeza GO, itakupa neno la kwanza. Ikifanya hivyo na sauti ni safi, kazi ya kufufua imekwisha, na hakuna sababu ya kuifungua kwa sababu tu una bisibisi. Ruka mpaka sehemu ya sauti.

3. Toa betri, kisha fungua. Idadi na mahali pa skrubu hutofautiana kwa toleo. Zitafute mgongoni, na usisahau ndani ya chumba cha betri. Zikishatoka zote, ganda bado litagoma kwa sababu lina meno ya plastiki. Pitisha kadi kwenye ufa taratibu ukizunguka. Kosa la kawaida kabisa ni kuvuta kwa nguvu: plastiki ya miaka arobaini na zaidi haipindi, inakatika.

4. Usitenganishe maganda kwa pupa. Yanaunganishwa na waya za spika na za betri, nazo ni fupi. Yafungue polepole na uyalaze pembeni kwa pembeni. Piga picha sasa hivi, karibu na kwa mwanga mzuri, kabla hujagusa kitu.

5. Tambua sehemu. Bodi kubwa ina chipu. Zitafute kwa namba zinazoanza na TMC au CD. Mara nyingi utakuta pia tarakimu nne: 7931, kwa mfano, ni wiki ya 31 ya mwaka 1979, na kwa hiyo unajua umri wa kifaa chako. Utaona bodi ndogo yenye transfoma kadogo. Hiyo inapokea volti 6 za betri na kutengeneza volti nyingine, zikiwemo hasi, kwa ajili ya chipu na kioo. Kioo chenyewe ni chupa bapa iliyoondolewa hewa. Kina kichomozo kidogo cha kioo mahali hewa iliponyonywa. Kikivunjika hicho, kioo kimekufa, hakuna fundi wa kukirudisha.

6. Fuatilia umeme kuanzia betri. Rudisha betri, mita ukiwa umeiweka kwenye volti za moja kwa moja. Pima kwenye vibati: karibu 6. Pima mahali waya zinapoingia kwenye bodi: ziwe zilezile. Zikipungua, au hakuna kitu kabisa, waya au kiungo chake kimeliwa na kutu ya betri, jambo linalotokea sana hata kama waya kwa nje unaonekana mzima. Kata sehemu iliyooza mpaka ukute shaba inayong'aa, lehemu upya.

7. Safisha viungo. Mswaki na spiriti kwenye bodi, hasa kuzunguka plagi. Kwenye matoleo yenye kibodi bapa kuna utepe mwembamba unaoingia kwenye soketi. Uchomoe kwa kuuvuta wote sawasawa, usishike pembe moja. Futa ncha zake kwa spiriti bila kusugua: msasa hapa ni marufuku, utaondoa njia za umeme zenyewe. Urudishe umenyooka.

8. Kapasita nyeusi au za bluu za duara, zile zenye mistari, hukauka kwa umri. Ukiona iliyovimba au yenye majimaji miguuni, badilisha kwa ya thamani ileile na volti sawa au zaidi. Angalia sana: kwa kuwa ndani mna volti hasi, mguu wa chanya wa kapasita unaweza kuwa ndio ulioungwa kwenye njia ya pamoja ya umeme (graundi). Fundi aliyezoea redio hukisia na kuigeuza. Usikisie, fuata alama ya ile uliyoitoa, na picha uliyopiga.

9. Jaribu kabla hujafunga. Ganda likiwa wazi, bonyeza ON, kisha kila herufi moja moja. Ikikubali, funga. Skrubu zikaze mpaka zishike tu, maana nyuzi zake zimechongwa kwenye plastiki.

Kuichezea sauti

Hapa ndipo wengi wanapotaka kufika. Reed Ghazala wa Cincinnati, Marekani, ndiye aliyeufanya mchezo huu ujulikane: kuunganisha sehemu za kichezeo ambazo hazikukusudiwa kuunganishwa, ili kitoe milio mipya. Speak & Spell imekuwa kipenzi cha watu hao kwa sababu chipu yake ya kusema huendelea kusema hata ikipewa namba zisizo na maana.

Rai yangu: anza na kidhibiti cha kasi tu. Watu huona video ya mashine yenye swichi ishirini, wanaanza kuunganisha ovyo, na wengi huishia na kichezeo bubu. Kidhibiti kimoja, kikiwekwa vizuri, kinatosha kukuchekesha mwaka mzima.

1. Tafuta mahali. Betri tu, usivae saa wala pete. Ifanye mashine iongee, bonyeza REPEAT kila ikinyamaza. Lowesha kidole kidogo na uguse migongo ya viungo vilivyo karibu na chipu ya kusema, kwa mkono mmoja. Ukigusa rezista na kapasita za saa ya ndani, sauti itapanda au kushuka papo hapo. Bodi ndogo yenye transfoma usiiguse kabisa mashine ikiwa imewashwa.

2. Fuatilia mpaka kwenye rezista. Toa betri. Yeyusha risasi ya mguu mmoja tu wa rezista hiyo na uuinue juu. Usiukate, ili siku ukitaka kuirudisha ilivyokuwa iwe kazi ya dakika. Pima thamani mguu ukiwa hewani. Ukipima ikiwa imeungwa, bodi nzima itakudanganya.

3. Chagua volyumu. Namaanisha kile kirezista cha kuzungusha, kilekile cha sauti ya redio. Tuseme umepima 47K (yaani oma 47,000): chukua rezista ya kudumu ya 22K, iunge kwa mfululizo na volyumu ya 100K. Kanuni ni hiyo: ya kudumu iwe karibu nusu ya iliyotoka, na volyumu iwe kama mara mbili yake. Ile ya kudumu ndiyo wanaoanza huiona haina maana na kuiacha. Bila hiyo, ukizungusha mpaka mwisho saa inakimbia kuliko chipu inavyoweza, na kila kitu kinaganda.

4. Unganisha. Waya mmoja kwenye shimo ulimotoka mguu ulioinuliwa, mwingine upande wa pili wa rezista, kwenye mguu ambao bado umeungwa. Kwenye volyumu tumia mguu wa katikati na mmoja wa pembeni. Waya ziwe fupi, kwa sababu ndefu hudaka kelele na sauti itatetemeka ukisogeza mkono.

5. Weka swichi ya kukata betri kwenye waya wa chanya. Hii si ya hiari. Mashine iliyoganda haisikii kitufe cha OFF, wala haijizimi yenyewe kama ilivyozoea, itakula betri usiku kucha.

6. Toboa ganda mwisho kabisa, baada ya kuthibitisha ndani kuna nafasi. Shikilia volyumu mahali, funga ganda kwa muda, uone kama linakutana. Anza na kekee ndogo halafu panua. Kekee kubwa moja kwa moja hupasua plastiki hii.

Ukizungusha upande mmoja utasikia mtoto mwenye haraka. Upande wa pili neno moja linavutwa mpaka unasikia chipu ikihama kutoka fungu moja la namba hadi jingine, vokali ikijikunja polepole kuwa konsonanti. Ukitaka kuelewa LPC bila kusoma hesabu zake, sikiliza hapo.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa, na volti 6 zinafika kwenye bodi.* Shuku bodi ndogo ya umeme. Transista zake hufanya kazi ngumu kuliko kitu chochote ndani ya kifaa hiki. Soma namba iliyo juu yake, tafuta mbadala, na zingatia mpangilio wa miguu.

*Inaongea lakini kioo ni giza.* Angalia kioo pembeni: kuna doa la fedha kwa ndani. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na kioo hakiponi. Likiwa bado linang'aa, tatizo ni umeme unaokiendea.

*Kioo kinaandika, sauti hakuna.* Toa betri za mashine, chomoa waya mmoja wa spika, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika kwa sekunde moja. Ikitoa mkwaruzo ni nzima, na unatafuta waya uliokatika. Ikinyamaza, badilisha kwa spika ya ukubwa na oma zilezile.

*Herufi chache hazikubali.* Andika zipi. Vitufe vimepangwa kwa safu na mistari. Zilizokufa zikifuatana kwenye mstari mmoja, ni ncha moja ya utepe haigusi. Zikiwa zimetawanyika, ni vitufe vyenyewe, safisha kwa spiriti.

*Inawaka, inasema maneno yasiyoeleweka.* Badilisha betri kwanza. Kweli, betri kwanza. Kisha angalia kama kuna kadi ya maneno ya ziada kwenye tundu lake ndani ya chumba cha betri. Ichomoe ujaribu bila hiyo.

*Inaganda kila ukizungusha volyumu hadi mwisho.* Ongeza ile rezista ya kudumu.

Na Kiswahili je?

Mashine yenyewe haisomi herufi na kuzitamka. Inajua tu maneno yaliyochomwa kwenye kumbukumbu zake kiwandani, kwa hiyo ukiandika "nyumba" itataja majina ya herufi kwa Kiingereza na basi. Lakini chipu haijui lugha, inajua maumbo ya mdomo. Ukitaka sauti ileile iseme Kiswahili, njia rahisi ni kuiacha mashine ilivyo na kuchukua bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kujipangia mwenyewe) pamoja na maktaba ya bure iitwayo Talkie, inayoiga chipu za familia hii. Rekodi neno, lipitishe kwenye programu ya kompyuta kama BlueWizard ili ligeuzwe kuwa mafungu ya namba, libandike kwenye Talkie, unganisha amplifaya ndogo na spika.

Tumia sauti nzito ya kiume, iliyorekodiwa karibu na maikrofoni na bila mwangwi wa chumba. Sampuli ni 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya hezi 4,000 kinapotea, na s yako itasikika kama f. Anza na maneno yenye vokali nyingi: maji, moja, mama. Sisimizi mwache kwanza.